PEDALI ZA KUSHIKA KIATU: TUCHAGUE KWA SAFARI, SIO KWA SIFA

Somo la vikundi vya kujisaidia



Vikundi vyetu vingi vya upande huu wa magharibi wa Nairobi, kuanzia Kangemi na Kawangware mpaka Uthiru, Dagoretti na Kikuyu, vina baiskeli za kazi. Zinabeba maziwa, mboga, mikate, hata makaa. Katika mikutano tunajadili tairi, breki na keria. Pedali hatuitaji mpaka siku ivunjike. Lakini siku hizi baiskeli nyingine za mitumba zinakuja na pedali za namna ya pekee, zile zinazoshika kiatu kisitoke. Vijana wanazipenda. Wazee wanaziogopa. Basi tuketi pamoja tuzitazame vizuri, tujue nani anazihitaji, nani hazihitaji, na mtu aanze namna gani bila kuumia.

Muda: Kama saa mbili. Mnaweza kugawa somo mara mbili.

Vitu vya kutayarisha: Baiskeli mbili au tatu za wanakikundi, spana namba 15, alenki za milimita 3 na 4, grisi kidogo, karatasi kubwa na kalamu. Mkiweza, mwalikeni fundi wa baiskeli wa hapo stegi. Yeye ni mwalimu kuliko mimi.

SEHEMU YA KWANZA: TAZAMA

Mwezeshaji asome kisa hiki polepole. Mkipenda, watu wanne wakiigize.

Kikundi kimoja kilinunua baiskeli tatu za mitumba kwa kazi ya kusambaza maziwa asubuhi. Mimi nilikuwepo siku ya kununua. Niliangalia breki, nikabonyeza tairi, nikazungusha cheni. Pedali sikuziangalia. Kumbe baiskeli moja ilikuwa na pedali ndogo za chuma, hazina hata mahali pa kukanyaga. Muuzaji akatupa na jozi ya viatu vyake, akasema ni zawadi.

Kijana mmoja alivijaribu vile viatu vikamtosha. Wiki ya kwanza alipita njia za ndani, akafurahi sana. Wiki ya pili akaingia Waiyaki Way na mtungi wa lita 20 nyuma. Karibu na stegi, matatu ikampita na kuingia kushoto ghafla kuchukua abiria. Kijana akashika breki, baiskeli ikasimama, akataka kuweka mguu wa kulia chini. Mguu haukutoka. Akaanguka upande wa barabara, mzimamzima kama mti uliokatwa. Gari la nyuma lilisimama hatua mbili kutoka kichwa chake.

Alichubuka kiwiko na bega. Maziwa yote yalimwagika. Jioni ile kikundi kikakutana.

MWEKAHAZINA: Maziwa ya wateja yameenda na maji. Nani atalipa?

KIJANA: Mama, nilizungusha mguu kama nilivyozoea. Ulikataa.

MZEE: Wewe unajifanya mwanariadha wa televisheni. Baiskeli ya kikundi sio ya mashindano.

KIJANA: Mzee wangu, mimi sikuzichagua. Niliikuta hivyo.

MWENYEKITI: Hata hivyo viatu umevaa wewe, sio sisi.

Wengine walitaka akatwe pesa kwa miezi mitatu. Wengine walitaka aondolewe kwenye kazi kabisa, apewe mwingine. Yule kijana akainuka, akaweka funguo za duka mezani, akatoka nje.

Maswali ya kujadili katika vikundi vidogo:

1. Mmeona nini katika kisa hiki?
2. Kila mmoja alikuwa anaogopa nini? Mwekahazina? Mzee? Kijana?
3. Ni swali gani ambalo hakuna aliyeuliza usiku ule?
4. Je, kwetu kumewahi kuletwa kifaa kipya bila mafunzo? Kilituletea nini?

Andikeni majibu. Msiamue bado kosa ni la nani. Tutarudi hapo.

SEHEMU YA PILI: AMUA

Kuamua vizuri kunataka kujua. Sasa tukijue kifaa chenyewe.

Zimetoka wapi?

Zamani wakimbiaji wa baiskeli walitumia pedali zenye klipu ya chuma mbele ya vidole na mkanda wa ngozi juu ya mguu. Mkanda ulikazwa kwa mkono, na kwa mkono ulilegezwa. Mwaka 1984 kampuni ya Look ya Ufaransa, iliyokuwa ikitengeneza vifaa vya kushikia viatu vya kutelezea kwenye theluji, ilileta pedali inayoshika kiatu yenyewe kwa springi. Mwaka 1985 Bernard Hinault alishinda mashindano ya kuzunguka Ufaransa akizitumia, na wengine wakafuata. Kwa kuwa zile klipu za vidole hazikuwepo tena, Wazungu wakaziita pedali zisizo na klipu. Ndiyo sababu jina lake la Kiingereza linachanganya watu: linasema hakuna klipu, na mguu umeshikwa!

Mwaka 1990 kampuni ya Shimano ya Japani ilileta aina yake iitwayo SPD kwa baiskeli za milimani. Hii ndiyo mtakayoikuta mara nyingi kwenye baiskeli za mitumba za milimani.

Hata hapa kwetu si kitu kigeni. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na kukulia Karen, alikuwa akienda Kikuyu kufanya mazoezi na David Kinjah, ambaye amewalea vijana wengi wa baiskeli katika kundi la Safari Simbaz. Froome alishinda mashindano hayo ya Ufaransa mara nne, mwaka 2013, 2015, 2016 na 2017. Kwa hivyo mzee asiseme pedali hizi ni za nchi nyingine. Lakini kijana naye akumbuke kwamba Froome hakuwa na mtungi wa maziwa nyuma.

Zinafanyaje kazi?

Chini ya kiatu cha pekee kuna kipande kidogo cha chuma kinachofungwa kwa skrubu. Mafundi wanakiita kliti. Ukikanyaga pedali, kliti inaingia na springi inaishika, unasikia "ta!" Ukitaka kutoa mguu, huvuti juu wala nyuma. Unasukuma kisigino kwenda nje, mbali na baiskeli, na mguu unatoka. Hapo ndipo wageni wanapoanguka: mtu akishtuka, mwili wake unavuta mguu juu, na kuvuta juu hakufungui kitu.

Aina za pedali

1. Pedali bapa za kawaida. Ni kama zile za Black Mamba zenye raba, au za plastiki, au za chuma zenye vijino vya kushika soli. Zinakubali kiatu chochote, gambuti, malapa, hata mguu mtupu. Ubaya wake ni kwamba za plastiki zikilika zinateleza wakati wa mvua.

2. Pedali za kliti ndogo ya skrubu mbili, kama SPD. Kliti inakaa ndani ya soli, kwa hivyo mtu anaweza kushuka na kutembea, kusukuma baiskeli mlimani, au kuingia dukani. Nyingi zinaingilika pande zote mbili, huna haja ya kuigeuza kwa mguu. Hizi ndizo za njia ya vumbi na za kila siku.

3. Pedali za kliti kubwa ya plastiki ya skrubu tatu. Ni za mashindano ya lami. Kliti inatokeza nje ya soli. Ukitembea nazo unakwenda kama bata, zinateleza kwenye sakafu, na zikiingia udongo hazishiki. Kwa barabara zetu za ndani, ziacheni.

4. Pedali za sura mbili. Upande mmoja ni bapa, upande mwingine una springi. Mtu anaweza kwenda sokoni na malapa Jumamosi, na Jumapili baada ya Misa akavaa viatu vyake akaenda Ngong. Kwa mtu mwenye baiskeli moja tu ya kazi na ya mazoezi, mimi naona hii ndiyo ya kwanza kufikiria.

Angalieni: kliti za kampuni moja mara nyingi haziingii pedali za kampuni nyingine, hata kama skrubu zinalingana kwenye kiatu. Usinunue kliti bila kubeba pedali yako mkononi.

Kuhusu matope: udongo wetu mwekundu wa Kikuyu na Uthiru, mvua ya Aprili ikinyesha, unajaza kila tundu. Pedali zilizo wazi, ambazo matope yanapita na kuanguka, zinafaa zaidi. Zile za Crankbrothers zinajulikana kwa hilo, lakini nyingi zake hazina skrubu ya kulegeza springi, na kliti zake za shaba zinalika mapema kuliko za chuma. Hata ukiwa na aina gani, ukitembea matopeni, gonga kiatu kwenye jiwe kabla ya kupanda.

Faida ni ipi hasa?

Watu husema ukifungwa mguu unapata nguvu mara mbili kwa sababu unavuta pedali juu. Tusidanganyane. Vipimo vya maabara kwa watu wanaoendesha mwendo wa kawaida havikuonyesha faida kubwa ya namna hiyo. Faida ya kweli ni kwamba mguu hautelezi kwenye mawe na makorongo, unakaa mahali pamoja safari yote ndefu, na mtu anaweza kukanyaga haraka bila kupotea pedali. Kwa mtu anayeshuka njia ya mawe huko Ngong, hilo ni jambo kubwa. Kwa mtu wa maziwa anayesimama kila mlango, ni jambo dogo sana.

Swali moja la kuamua

Sasa tumefika kwenye moyo wa somo. Usiulize, "Pedali ipi ni nzuri?" Uliza hivi: "Katika safari yangu, naweka mguu chini mara ngapi, na mbele ya nani?"

Chukueni ile karatasi kubwa, mchore safari za kila mtu mwenye baiskeli. Wekeni alama ya msalaba kila mahali anaposimama. Nitawapa mifano.

Wa kwanza ni kijana wa kupeleka barua na vifurushi mjini, kati ya Moi Avenue, River Road na Haile Selassie. Anasimama kila taa, kila mkokoteni, kila mtu anayevuka. Misalaba imejaa karatasi. Huyu pedali bapa zenye vijino zinamtosha.

Wa pili ni mama wa mboga anayetoka sokoni Wangige na gunia nyuma. Mzigo ni mzito, baiskeli inaweza kulala wakati wowote, lazima mguu uwe huru. Pedali bapa pana.

Wa tatu ni fundi anayetoka Kikuyu kwenda kazini mjini, kama kilomita 20, kwenda na kurudi. Anasimama mara chache mpaka Kangemi, halafu mara nyingi kuanzia Westlands. Pedali za sura mbili zinamfaa: afunge kiatu kwenye sehemu tupu, atumie upande wa bapa kwenye msongamano.

Wa nne ni vijana wanaofanya mazoezi ya milima Ngong, au wanaolipa kiingilio na kuendesha katika Msitu wa Karura ambako baiskeli zinaruhusiwa. Mawe, mizizi, makorongo, magari hayapo. Hao wakishafunzwa, pedali za kliti mbili ni zao.

Na baiskeli ya kikundi, inayopandwa leo na huyu na kesho na yule? Kiatu chenye kliti ni cha mtu mmoja. Baiskeli ya kikundi ni ya wote. Basi kwa baiskeli ya wote weka pedali ambayo mguu wa yeyote utaikubali. Hapa mimi sina mashaka.

SEHEMU YA TATU: TENDA

Fanyeni haya kwa mikono yenu, wanawake na wanaume. Mtu asisimame pembeni ati hii ni kazi ya fundi.

A. Kubadilisha pedali. Pedali nyingi zinafunguka kwa spana ya 15. Nyingine kwa alenki ya 6 au 8 upande wa nyuma wa mkono wa pedali. Pedali ya kulia ina thredi za kawaida. Ya kushoto ni kinyume, ili isilegee inapozunguka. Wengi wameharibu mkono wa pedali wa kushoto kwa kulazimisha. Kumbukeni hivi: simamisha spana ielekee juu. Ukiisukuma kuelekea gurudumu la mbele, unakaza. Ukiivuta kuelekea gurudumu la nyuma, unafungua. Ni sawa pande zote mbili. Pakeni grisi kwenye thredi, na mwanze kuingiza kwa vidole, sio kwa spana. Pedali nyingi ni za inchi 9/16; baiskeli chache, hasa zile ambazo mikono miwili ya pedali ni chuma kimoja, ni za nusu inchi. Haziingiliani. Msilazimishe.

B. Kufunga kliti. Kliti ikae chini ya ile sehemu nene ya wayo nyuma ya vidole, au nyuma yake kidogo. Simama kawaida, tazama vidole vyako vinaelekea wapi, na kliti ifuate hivyo hivyo. Ukiipindisha, goti litalipa. Maumivu ya goti yakianza baada ya siku chache, usivumilie kama Mkristo anayebeba msalaba. Rekebisha kliti.

C. Kulegeza springi. Kwenye SPD nyingi kuna skrubu ndogo ya alenki, mara nyingi ya milimita 3. Anayejifunza ailegeze sana, pande zote sawa. Kuna pia kliti za aina mbili za Shimano: SH51 inatoka kwa kisigino kwenda pembeni tu, SH56 inaweza kutoka hata mguu ukivutwa kwa nguvu kwa pembe nyingine. Kwa anayeanza, SH56 ina huruma zaidi.

D. Mazoezi. Siku ya kwanza usiende popote. Shika ukuta au bega la mwenzako, ingiza mguu, toa mguu, mara 50 kila upande. Siku ya pili na ya tatu, uwanja wa nyasi wa shule, kwa ruhusa. Panda, simama, panda, simama. Baada ya hapo njia ya ndani isiyo na magari, bila mzigo, kwa wiki nzima. Kwa kuwa tunaendesha upande wa kushoto, zoea kutoa mguu wa kushoto kwanza na kuegemea huko, mbali na magari. Utoe mguu kabla ya stegi, sio kwenye stegi. Ukiona watu wamesimama wanangoja matatu, mguu wako uwe tayari uko huru.

E. Kila Jumatatu. Kagua skrubu za kliti kwa alenki ya 4. Zingatieni hili kuliko yote, na sababu yake iko katika mwisho wa kisa chetu.

Mwisho wa kisa

Siku tatu baada ya ule mkutano, fundi mmoja aliletewa vile viatu avitazame. Alikigeuza cha kulia, akakaa kimya kidogo, halafu akasema: "Hapa skrubu moja haipo. Na hii nyingine imelegea." Kliti ikishikwa na skrubu moja iliyolegea, kiatu kinazunguka lakini kliti haizunguki pamoja nacho. Inabaki ndani ya pedali. Kijana alikuwa amezungusha kisigino sawasawa. Alikuwa amesema ukweli.

Kikundi kilikutana tena. Yule mzee ndiye aliyekwenda nyumbani kwa kijana kumwita. Alimwambia, "Mwanangu, rudi. Tulikuuliza nani atalipa, hatukukuuliza nini kilitokea." Maziwa yalilipwa kutoka mfuko wa kikundi. Na mimi pia nilisimama nikaomba msamaha, kwa kuwa siku ya kununua niliangalia kila kitu isipokuwa pale mtu anapoweka mguu. Pedali bapa zikafungwa kwenye baiskeli zote tatu. Zile za springi walimpa kijana, atie kwenye baiskeli yake akishapata.

Sasa rudini kwenye lile swali la tatu la mwanzo. Ni nani alikuwa amelipata jibu?

Uamuzi wa kikundi chetu

1. Baiskeli zetu za kazi zina pedali gani, na zinafaa safari zake?
2. Mtu akitaka pedali za kushika kiatu kwa baiskeli yake, hesabu yote ni kiasi gani? Andikeni pedali, viatu, kliti za kubadilisha, alenki, na siku za mazoezi. Msiandike pedali peke yake. Someni pamoja Luka 14, mstari wa 28 hadi 30, juu ya mtu anayetaka kujenga mnara.
3. Nani atakagua baiskeli kila Jumatatu? Andikeni jina na la msaidizi wake.
4. Kifaa kikiharibika au ajali ikitokea, tutauliza maswali gani kabla ya kuuliza nani atalipa?

Kazi ya kufanya kabla ya mkutano ujao: kila mwenye baiskeli aikague pedali yake kwa kuitikisa. Ikicheza pembeni, gololi zimelika au zinahitaji kukazwa. Alete habari.

Mungu awabariki, na awalinde njiani.